Tausi wa Boksi la Halwa

Boksi la halwa ni gumu na kifuniko chake hubana, na hiyo ndiyo sababu pekee iliyonifanya niyaweke maboksi haya. Mimi ni fundi wa cherehani. Vifungo vyeupe vina boksi lao, vya rangi lao, zipu na kulabu lao, na kila nilipopata boksi jipya nililiweka rafuni upande wa kulia wa lililotangulia. Sikukusudia kukusanya chochote. Lakini rafu ya namna hiyo ikiachwa miaka mingi hujipanga yenyewe, la zamani mwanzo na jipya mwisho. Na kwa miaka hiyo maboksi yangu yote yalitoka duka moja, la ami yangu, ndugu ya baba, aliyekuwa akipika na kuuza halwa Kibokoni, mtaa wa mji wa kale.

Chapa ya duka hilo ni tausi. Jina lililoandikwa kwenye leseni hakuna anayelijua. Mtu akitumwa kutoka Tudor au Marikiti huambiwa, "Niletee halwa ya tausi," na haendi kwingine.

Picha ya kwanza niliyo nayo ni lebo ya karatasi, ya wakati halwa ilipokuwa ikitiwa kwenye vifuko vya ukindu. Tausi amesimama juu ya tawi, mkia ameufungua wote, anatazama kushoto. Kila unyoya una jicho lake, na miguu ina kucha. Nyumbani tulikua tukiamini kwamba picha ile ilichorwa kwa ajili yetu. Baadaye sana nilimuuliza mpiga chapa mwenyewe, akiwa ameshazeeka, naye akanijibu bila ya kuona haya.

"Nilikuwa na simba na nilikuwa na tausi. Simba alishachukuliwa na mtu wa unga. Amiyo akamchukua aliyebaki."

Baada ya hapo nilimwona tausi yuleyule, juu ya tawi lilelile, kwenye pakiti kuukuu ya ubani sokoni. Sikumwambia mtu.

Boksi la kwanza lilikuja ami aliporudi Hija. Mmoja wa wenzake wa barazani, mtu wa vitabu, alimwambia kwamba si vizuri chakula kinachosomewa bismillahi kitoke ndani ya picha ya kiumbe mwenye roho. Ami hakutaka kumpoteza tausi, na hakutaka kulala na shaka. Akachukua njia ambayo sisi wa mji huu tuliijua tangu chuo cha Kurani, kwani hata picha za vitabu vya shule tulikuwa tukizipigia mstari shingoni, kiumbe ahesabiwe kuwa hana uhai. Mpiga chapa akaagizwa apitishe mstari mweusi kwenye shingo ya tausi. Nilikuwepo dukani hamali mmoja wa Marikiti alipoliona boksi hilo kwa mara ya kwanza.

"Mzee, tausi mmemchinja?"

"Nimemchinja," ami akajibu, akiendelea kupima.

"Alielekea kibla?"

"Muulize mpiga chapa."

"Basi sasa ndiyo halali. Nipe nusu kilo."

Maboksi yalipokwisha, kazi ilipelekwa kwa mpiga chapa mwingine, aliyekuwa na bei nafuu na asiyejua habari za shingo. Aliuona mstari akadhani ni kasoro, akaurekebisha kwa kuutia vitone. Tausi akarudi kutoka matbaani amevaa mkufu. Maboksi yalikuwa mengi na yameshalipiwa, kwa hivyo yakatumika. Wanawake waliyapenda, hasa kwa sahani za harusi. Barazani hawakunyamaza.

"Juzi mlimchinja, leo mmemvisha kidani. Mwamwoza nani?"

Ami alicheka mpaka akatoa kofia. Mkufu ule ulikaa miaka mingi kuliko umbo jingine lolote, na ndani ya boksi lake mna nyuzi zangu nyeusi.

Ami alikuwa na wana wawili. Wa kwanza ndiye aliyebaki dukani Kibokoni, na ni mtu wa dini kuliko babake. Alipoanza kushika mambo aliondoa mkufu, shingo, kichwa, kiwiliwili na tawi, akaacha mkia peke yake. Asiyejua hudhani ni upepeo, na wageni wanaoshuka kutoka Ngome huuliza kama ni kombe la baharini. Wateja wa zamani waliendelea kuomba halwa ya tausi na wakapewa boksi lenye mkia, na sikumsikia hata mmoja akilalamika kwamba ndege hayumo.

Wa pili alisomea biashara. Ami alipofariki, huyu alifungua duka lake Tudor na akampeleka tausi kwa kijana wa kompyuta. Alirudi na kichwa: mstari mmoja wa kijani unaopanda, unapinda, na kuishia kwenye vitone vitatu vya kishungi, ndani ya duara. Hauna jicho wala mdomo. Aliniambia chapa ya leo lazima isomeke kwenye simu, mahali padogo kama ukucha.

Hilo ni kweli, nami nimelithibitisha kwa kutazama. Benki iliyokuwa na ngao yenye mikuki na wanyama wawili imebakiwa na pembetatu. Sabuni tuliyofulia utotoni ilikuwa na mama, beseni, mtoto na jua. Sasa ina tone la maji. Kampuni zikizeeka hupungua, kama watu. Tofauti ni kwamba tausi wetu alipunguzwa kwanza kwa ajili ya dini na kisha kwa ajili ya simu, na waliompunguza ni ndugu wawili wa tumbo moja.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Wa Kibokoni alisema tausi ni wa duka la baba, na duka la baba analo yeye. Wa Tudor alisema tausi wa baba alikuwa na kichwa, na mwenye mkia mtupu hana tausi. Kila mmoja alikwenda kwa wakili wake, na mawakili wote wawili walisema neno moja: chapa husajiliwa kwa mtu mmoja, na anayeitaka alete ushahidi wa jinsi ilivyotumika tangu zamani. Duka lenyewe halikuwa limeweka hata karatasi. Ushahidi ulikuwa rafuni kwangu, umejaa vifungo.

Wa Kibokoni alikuja baada ya alasiri, akakaa kwenye kizingiti kama afanyavyo siku zote, hataki kuingia palipo na nguo za wanawake.

"Dada, wambaje?"

"Salama. Pita."

"Hapa hapa panatosha. Yale maboksi bado unayo?"

"Ninayo. Yana vitu."

"Vitu nitakununulia mikebe. Mizuri, ya bati."

Nikamwambia nitafikiri. Kesho yake alikuja wa Tudor, akaingia moja kwa moja, akasimama mbele ya rafu na simu mkononi.

"Niyapige picha tu, dada. Sichukui."

"Picha wakili wako ataikubali?"

Akaishusha simu. Kisha akasema, "Kaka si alimkata baba kichwa?"

"Alimkata tausi," nikamrekebisha.

"Ni mamoja."

Sikumpa. Kumpa mmoja wao kulikuwa kumhukumia, na mimi si kadhi. Jambo hilo nililipeleka kwa mama yao, ambaye sote tunamwita Bi Mkubwa. Anaishi ghorofani juu ya duka la Kibokoni, na magoti yake hayamruhusu kushuka ila kwa haja. Nilipomweleza, hakuniuliza chapa ni ya nani. Alinieleza Idi iliyopita. Wa Kibokoni alikuja kula mchana na watoto wake. Wa Tudor alingoja kwenye kona ya uchochoro, na Bi Mkubwa akamwona kutoka dirishani, amevaa kanzu mpya, amejiegemeza ukutani, mpaka nduguye alipotoka. Ndipo akapanda yeye.

"Nilipasha pilau mara mbili," alisema. "Ya pili ikashika chini. Idi hii sipashi. Ama watakaa sinia moja, ama siwashi jiko. Lete hayo maboksi hapa."

Nikaenda kumwaga vifungo vyangu ndani ya ndoo, nikampelekea maboksi kwa kikapu. Alikwisha kuwaita wanawe. Walikaa kila mmoja upande wake wa mkeka, na baina yao nikapanga kwa utaratibu: lebo, mstari, mkufu, mkia, na mwisho kichwa, kwenye boksi alilokuja nalo wa Tudor. Lilikuwa jambo geni kuyaona yote sakafuni kwa pamoja. Niliombwa niseme ninaloliona, nikalisema: hakuna hata moja lililofanana na lililotangulia, na la kwanza lilikuwa mali ya mpiga chapa. Wote wawili walinitazama kama niliyewatusi.

"Lakini mwanzo alikuwa na kichwa," akasema wa Tudor, akimwambia mamake, si nduguye.

"Mama, mwambie baba mwenyewe ndiye aliyemchinja," akasema wa Kibokoni.

"Mwambie alimpigia mstari, hakumtupa."

"Mwanitumaje nami nipo hapa katikati?" Bi Mkubwa akasema. "Wewe, fundi. Umekuja na mkasi?"

Mkasi haunitoki mkobani. Nikampa, nikidhani anataka kukata uzi. Akaliokota boksi lenye mstari, akalisogeza karibu na macho, akang'oa kifuniko, na kabla sijasema neno akaanza kukikata. Alikata polepole, ulimi nje, akiufuata ule mstari mweusi wa shingoni mpaka mwisho. Kadi ilikuwa ngumu na vidole vyake vina baridi yabisi, lakini hakuna aliyethubutu kumsaidia.

"Mama! Huo ndio ushahidi!"

"Babenu aliweka alama pa kukata. Mimi nimemalizia." Akamrushia wa Tudor kipande kimoja. "Wataka kitwa? Hicho kitwa." Kingine akakiweka juu ya goti la wa Kibokoni. "Nawe una mkia wako. Kasajilini hivyo. Na asiyependa asije Idi, nami nitajua nina mwana mmoja."

Wa Tudor alikigeuza kipande chake, akakitazama upande wa nyuma ambako hakukuwa na kitu. Wa Kibokoni alitia chake mfukoni, akaomba ruhusa kwenda kusali magharibi. Sikujua nini kitafuata. Nilikusanya maboksi yaliyobaki, nikarudi nyumbani, boksi moja likiwa halina kifuniko.

Mawakili waliambiwa basi. Nasikia kila mmoja amesajili chake, mkia kwa huyu na kichwa kwa yule, na kwamba karani hakuona sababu ya kukataa kwa vile picha hazifanani hata kidogo.

Siku ya Idi nilipanda ngazi za Bi Mkubwa kumpa mkono. Juu kabisa, penye viatu, palikuwa na maboksi mawili matupu, la duara la kijani na la mkia. Alikataza yasiingie. Ndani, halwa zote mbili zilikuwa zimemwagwa kwenye sahani moja, zikashikana, na pembeni palikuwa na birika la kahawa. Wote wawili walikuwa wamekaa kwenye sinia moja la pilau. Walikula wakitazama wali. Walipomaliza kunawa, wa Kibokoni alikata kipande cha halwa, akatafuna, akasita.

"Hii ya kwako," akamwambia nduguye. "Umezidisha iliki."

"Ndivyo alivyotia baba."

"Baba hakutia hivi hata siku moja."

"Wewe ulikuwa msikitini. Mimi ndiye niliyekuwa nikisaga."

"Ulikuwa ukisaga na ukila."

Bi Mkubwa alinyoosha mkono, akajikatia kutoka katikati ya sahani, akala bila ya kusema upande upi ulikuwa mtamu. Wakaendelea na iliki mpaka kahawa ikapoa.

Nilipotoka niliyachukua yale maboksi mlangoni. La Tudor halina kina cha kutosha, kibiringo cha uzi hakisimami ndani yake, kwa hivyo nimelitilia sindano. La Kibokoni lina zipu. Lile lisilo na kifuniko nimelifunika kwa kitambaa.