Kadi za Mji wa Jina Lililokatazwa

Sisi tuliokua Kalemie wakati wa Zaire tulijua kucheza bila kitu: mpira wa matambara, kamba ya mgomba, na kuogelea ziwani mpaka macho yawe mekundu. Watoto wa leo, simu ikiisha chaji tu, utadhani wamefiwa. Kila asubuhi tuliimba na kucheza kumsifu Rais kabla ya kuingia darasani, jasho likitutoka na tumboni mna chai peke yake. Nilibatizwa Maria, ila shuleni niliitwa Feza, kwa maana majina ya kizungu yalikatazwa, sawa na kravati, yaani tai, shingoni mwa mwanamume. Hata mji wetu ulikuwa umeshavuliwa jina lake la Albertville.

Mvua ikinyesha, mama alituruhusu kuangalia kadi zake za posta. Aliachiwa na mzungu ambaye mama alikuwa akimfulia nguo, siku mzungu huyo alipokimbia nchi. Kwenye picha kulikuwa na posta, maduka ya avenyu yenye baraza ndefu, magari yenye pua ya mviringo. Chini ya kila kadi, kwa herufi nyeusi, lile jina la zamani. Kadi ya stesheni niliipenda kuliko zote. Mbele ya jengo, mwanamume anavuka barabara akisukuma baiskeli yenye kikapu cha samaki. Huyo alikuwa babu yangu. Mpiga picha hakumjua, wala babu hakujua kwamba amepigwa picha. Alifariki mama akiwa bado msichana, na picha nyingine yake haikuwepo.

Jumamosi moja tulikuwa tumetoka salongo, ile kazi ya lazima ya kufagia barabara. Baba alikuwa safarini Kabalo na treni. Mama alikuwa anasonga bukari, ugali wetu, mara jirani yetu Mama Sifa akaita juu ya ua:

"Vijana ya chama ya Rais wanaingia mu nyumba! Wamemupeleka bwana ya Zawadi juu ya kravati!"

Mama aliacha mwiko ndani ya sufuria, akakimbilia chumbani. Alipotoka na kadi kifuani, walikuwa wameshafika mlangoni. Kiongozi wao alikuwa Kalunga, kijana wa mtaa wetu, aliyekula kwetu mara nyingi. Hakumtazama mama usoni.

"Leta, mama."

Akazisoma moja moja. "Albertville. Albertville tena. Munangojea Wabeleji warudie?"

"Ni picha ya mji tu, baba."

"Choma. Ao twende wote ku biro ya chama."

Ndugu yangu mdogo akaanza kulia, nikambana kinywa kwa kiganja. Mama akaipua sufuria, akachuchumaa mbele ya mbabula, lile jiko la makaa. Posta ikaungua, kisha maduka, kisha magari. Moshi ulimtoa machozi, au labda haukuwa moshi. Ilipobaki kadi ya stesheni, mkono wake ukasimama.

"Na iyo," alisema Kalunga.

"Iyi hapana. Huyu njo baba yangu."

Mmoja wa wenzake Kalunga akapiga hatua mbele. Mama alisimama, akachukua makasi juu ya cherehani, akakata sehemu ya chini ya kadi, taratibu. Akamnyooshea Kalunga kile kipande chenye jina.

"Jina, chukueni. Baba yangu, hapana."

Kalunga alikitazama kile kipande, halafu, kwa mara ya kwanza, akamtazama mama. Akakitupa motoni.

"Twende," akawaambia wenzake.

Mama alikaa chini palepale, kadi ya babu mkononi. Hatukula mpaka jioni.

Siku hizi wajukuu wangu wananionyesha kwenye simu picha za avenyu ile ile na baraza zile zile, jina la zamani limeandikwa waziwazi, na watu mtandaoni wanacheka na kubishana duka la nani lilikuwa wapi. "Koko, zamani mji uliitwaje?" wananiuliza mimi bibi yao barabarani, kwa sauti kubwa, mbele ya polisi. Nami nawajibu kwa sauti hiyohiyo. Mama yangu aliishi miaka mingi baada ya Jumamosi ile, na jina hilo halikumtoka mdomoni tena hata siku moja.