Bakuli la Kichina kwa Masera wa Kasongo

Enzi zetu pale Kasongo, Kongo, mtoto wa shule alijulikana kwa magoti yake. Yalikuwa mekundu kwa udongo, kwa sababu kabla ya kuingia darasani tulipalilia bustani ya masera, ndivyo tulivyowaita watawa wa Kibelgiji waliotufundisha. Asubuhi tulikula kiporo cha wali na sombe, yaani majani ya muhogo, tukakanyaga umande pekupeku, na aliyechelewa alipigishwa magoti mlangoni mpaka katekisimu iishe. Wajukuu wangu wakisikia haya wananionea huruma. Wao hata sokoni hapo wanaita pikipiki.

Masera Klara alikuwa amefanya kazi Uchina miaka mingi kabla ya kuletwa kwetu. Alikuja na makasha ya vitu vya huko, akavipanga katika chumba kando ya darasa: sahani za kaure, picha zilizochorwa kwenye karatasi ndefu za kukunjwa, kisanduku chekundu kinachong'aa, kitambaa cha hariri chenye ndege wa miguu mirefu. Alikiita chumba hicho kwa Kifaransa musée, sisi tukatamka mize, na hadi leo nikisikia neno makumbusho nasikia harufu ya kafuri ya makasha yale.

Kila Alhamisi alituingiza humo, mikono mgongoni. Tutazame kwanza, tuseme baadaye. Siku moja aliuliza kwa nini mchoraji ameacha nusu ya karatasi nyeupe, wakati mlima uko upande mmoja tu. Nilijibu kwamba wino ulimwishia. Masera alicheka mpaka akavua miwani kufuta macho, kisha akatueleza kwamba ule weupe ni ukungu. Tangu siku hiyo nikiona asubuhi ukungu umeufunika mto Lualaba, naona kama ameuchora mtu.

Lakini darasa zima lilipenda bakuli moja lililofungiwa katika kabati la kioo. Chini kabisa, ndani yake, palikuwa na herufi moja ya Kichina kwa rangi ya buluu. Masera alisema maana yake ni maisha marefu. Wenzetu wa Kiislamu wakatazamana. Kasongo nzima ilijua kombe: mwalimu wa Kurani anaandika aya kwa zafarani ndani ya sahani, anaiosha kwa maji, na maji yale anapewa mgonjwa anywe. Hata sisi Wakristo tulikunywa, ila padri hatukumwambia. Zaina, rafiki yangu tuliyekaa benchi moja, ambaye baba yake alimruhusu kusoma kwa masera kwa sharti asibatizwe, aliamini palepale kwamba lile ni kombe la Wachina. Tena kali, maana maandishi yake hayafutiki. Nami niliamini. Nani angeandika maneno ya uhai ndani ya bakuli halafu asilinywee?

Mvua zilipoanza, mdogo wake Zaina, Saidi, ambaye alikuwa bado wa kubebwa, alishikwa na homa. Hospitali walimpa dawa. Mwalimu wa Kurani alimwandikia kombe. Homa haikushuka. Ndipo mama yao akaja shuleni, Saidi mgongoni, akasimama kwenye baraza la darasa letu.

"Masera, nakuja kuomba maji ya ile bakuli ya Wachina."

Masera hakuelewa, mpaka Zaina aliposimama kumweleza. Akatikisa kichwa. "Mama, ile haiko dawa. Ni rangi tu, walishaichoma mu moto. Haiwezi kutoka mu maji."

"Lakini weye mwenyewe uliambia batoto, iko andikwa maisha marefu. Ulikuwa unawadanganya?"

"Hapana, mama. Iko kweli."

"Basi. Rangi ibakie yenu. Naomba maji tu."

Masera mkubwa, aliyesimamia shule, hakuwa na mchezo na mambo ya kombe na hirizi, na tulijua kwamba akisikia, Masera Klara anaweza kurudishwa kwao. Masera Klara alimtazama mtoto. Kisha akatoa ufunguo, akafungua kabati, akamimina maji ya kuchemshwa ndani ya bakuli, akampa mama kwa mikono miwili. Saidi alimeza kidogo. Maji yaliyobaki, mama yake alimpaka kwenye paji la uso.

Saidi alikufa wiki hiyohiyo. Masera Klara alikwenda matangani kwa miguu, akaketi mkekani pamoja na wanawake, jambo ambalo hatukuwahi kuona masera akilifanya. Mama Zaina alimshika mkono. "Aksanti, Masera. Haukutunyima."

Alhamisi iliyofuata kabati halikufungwa. Masera aliliweka bakuli mikononi mwa Zaina, naye akalipitisha kwangu, likazunguka darasa zima. Nilishangaa uzito wake, ubaridi wake, na jinsi kitako chake kilivyokwaruza kidole. Ndani palikuwa na mistari myembamba ya kijiko, ya watu waliokula humo. Masera hakutuuliza tena maana ya ile herufi, na hakuna aliyemkumbusha. Mimi nililia wazi, na sikuona aibu.

Siku hizi somo ni rahisi. Mjukuu wangu, anayeniita nkambo, ana simu, na ndani ya simu mna makumbusho ya dunia nzima. Juzi alinionyesha mabakuli ya Kichina, mengi, mazuri kuliko lile letu. Anajua majina ya wafalme wao, anajua lipi la zamani kuliko jingine. Mimi sikuwahi kujua hayo. Nilimwuliza ni nani aliyekuwa akinywea lile la buluu pale kwenye picha.

"Nkambo, hii iko ya kuangalia tu."

Nikafungua kinywa nimwambie habari za Saidi, lakini kidole chake kilikuwa kimeshapita kwenye picha nyingine.