Mawe ya Chini ya Pikapu

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, kwa sababu haya ninayokueleza niliyaona mchana, jua likiwa utosini, na sikuwa nimelala wala kulewa. Mimi ni mwimbaji wa kwaya, na habari za mapepo nilikuwa nikiwaachia wale wanaopenda kukesha wakitishana. Chuma chenyewe kipo hadi leo. Njoo Mukuyuni, inama chini ya pikapu yangu, utakigusa.

Pikapu hiyo aliniachia marehemu mume wangu. Ndiyo inayobeba maembe yangu na ya majirani hadi mji wa Wote, na ndiyo iliyomfundisha kijana wangu Mutinda ufundi wa magari. Msimu uliopita giaboksi ilikufa wakati maembe yameanza kuiva, na embe likishaiva halingoji mtu. Mutinda akapata giaboksi nyingine ya mitumba, nzuri kabisa, ila ilikuwa ndefu kuliko yetu kwa upana wa kiganja. Sasa kuna kile chuma kinachokatiza chini ya gari, kutoka upande mmoja wa chesi, ile fremu ya gari, hadi wa pili, ndicho giaboksi inachokilalia. Mafundi hukiita krosimemba. Chetu hakikufika. Cha kuunga kwa kuchomelea Mutinda hakukitaka, alikuwa ameona kimoja kikikatika barabarani. Basi ikabidi tutafute kinacholingana.

Akachukua kamba ya katani, akaifunga vifundo, kila kifundo shimo moja la boliti. Akaniambia nitakapopata chuma ambacho mashimo yake yanakubaliana na vifundo, nisikiache. Kwa nini nilienda mimi? Kwa sababu mimi ndiye hodari wa kubishana bei. Yeye alibaki kufungua vilivyosalia.

Sasa sikiliza hili vizuri, maana ndilo lililonitesa baadaye. Gari lilikuwa limeinuliwa mbele kwa jeki, na kando ya jeki kulikuwa na mawe mawili makubwa ya bapa yaliyolishikilia. La tatu lilikuwa nyuma ya gurudumu, kulizuia lisirudi. Jioni hiyo akina mama wa kwaya ya kanisa walikuwa wanakuja kwangu, na nilitaka kuwapikia muthokoi, mahindi ya kukobolewa na maharagwe, kwa sufuria kubwa nje. Mafiga yangu ni madogo, sufuria ile ingepinduka. Alfajiri, Mutinda akiwa bado amelala, nikazungusha jeki kidogo, nikayachomoa mawe yote matatu, nikayapanga uani, nikabandika sufuria. Nikamwomba jirani anichochelee moto, nikaondoka. Nilijiambia nitayarudisha nikitoka safari. Mutinda sikumwambia kitu.

Mjini Wote sikupata. Nikaenda Sultan Hamud, nikapita kwa wauza spea mmoja baada ya mwingine, nikilaza kamba yangu juu ya vyuma vyenye kutu. Shimo moja likikubali, la pili linakataa. Muuzaji wa mwisho alinihurumia. Akasema kuna boma nje kidogo ya mji lenye pikapu kuukuu ya aina ninayotaka, ila wenyewe hawauzi hata nati. Mimi nikiambiwa mtu hauzi, ndipo miguu inapopata nguvu. Nikapanda bodaboda, akanishusha langoni, akaenda zake.

Nilipiga hodi, kimya. Pikapu ilikuwa karibu na zizi, imeinuliwa, na chini yake mwanamume amelala chali. Niliona miguu tu, imevaa akala, zile ndala za tairi, na nikasikia spana ikigonga chuma. Nilifurahi sana. Nikamsalimu, akaitikia kwa adabu, sauti ya kijana, akaniita Mwaitu kama sisi akina mama tunavyoitwa kwetu Ukambani. Nikamwambia natafuta krosimemba ya kulingana na kamba yangu. Bei hakutaja. Mkono ukatoka chini ya gari, akaomba hiyo kamba.

Niamini, nilipoiweka kwenye kile kiganja ndipo nilipoanza kuwa na mashaka. Fundi gani huyu, yuko chini ya gari na mkono wake hauna hata doa la grisi? Na kiganja kilikuwa baridi, katika jua lile. Nikajipa moyo, nikasema labda ametoka kunawa. Nikamsikia akifungua boliti, moja, mbili, tatu, nne. Kisha krosimemba ikasukumwa nje, kamba ikiwa juu yake, kila kifundo kimekaa kwenye shimo lake.

Nikainama kumshukuru. Akaniuliza taratibu, kama mtu anayeulizia hali ya nyumbani:

"Mwaitu, mawe ya kijana yako iko wapi?"

Mdomo ukajibu kabla sijafikiri. "Iko kwa jiko."

"Mwambie atoke."

Unaona? Kijana sikuwa nimemtaja. Mawe sikuwa nimeyataja. Nikatoa simu, nikakosea namba mara mbili. Mutinda akashika. Nikamwambia atoke chini ya gari, atoke sasa hivi, lakini mtandao wa pale ulikuwa mbovu na sauti yangu ilikuwa ikikatika.

"Mama, sikusikii," akasema. "Ngoja nitoke nje."

Nikamsikia akijivuta kwa mgongo, akiguna. Halafu nikasikia kishindo. Halafu sikusikia kitu.

Umewahi kusikia kimya cha simu ambayo haijakatika? Nilimwita Mungu na kumwita mwanangu kwa pumzi moja, na sijui nilianza na nani. Mwishowe nikasikia kuku wakipiga kelele, kisha sauti yake, nyembamba kama ya mtoto.

"Mama, gari imeanguka. Imeanguka pale tu nilikuwa."

Nikakaa chini kwenye vumbi na rinda langu zuri, nikalia, nikacheka, nikalia tena. Hata siku niliyomzaa sikufurahi vile. Mtoto wangu mzima, anapumua, tena anataka kujua kama nimepata krosimemba.

Nikageuka nimpe yule fundi habari njema. Hapakuwa na miguu. Wala pikapu haikuwa imeinuliwa. Ilikuwa imelalia tumbo, haina magurudumu, chesi imezama kwenye udongo na nyasi zimeota hadi kwenye taa. Kuku asingeweza kupita chini yake. Lakini krosimemba ilikuwa pale miguuni pangu, na kamba yangu juu yake.

Mwenye boma alinikuta nimekaa vilevile. Alikuwa mama mzee, anatoka shambani na jembe begani. Nikamweleza yote, nikingoja anifukuze au aite watu. Hakushtuka. Aliuliza jambo moja tu, kama yule mtu alikuwa amevaa akala.

Ndipo akanieleza kwamba lile gari lilimwangukia mwanawe Wambua, likamuua. Alikuwa akilitengeneza peke yake, magurudumu ameyatoa, juu ya jeki tupu bila mawe, na mama mtu yuko sokoni. Watu waliliinua wakamtoa, wakaliachilia lishuke palepale, na tangu siku hiyo yule mama hakuruhusu mtu aliguse. Lakini kila mchana, saa ileile, alikuwa akisikia spana ikigonga. Mwanzoni aliwaambia majirani, nao wakawa wanakuja kumwombea kama mgonjwa, basi akanyamaza. Nilimshika mkono. Wangu ningemkuta nyumbani, na sote wawili tulilijua hilo.

Nikataka kumrudishia chuma chake. Akakataa.

"Amekupatia mwenyewe," akasema. "Mimi ni nani nikatae?"

Nilifika Mukuyuni jua linatua. Pikapu ilikuwa imeinamia upande mmoja, jeki imechomoka, na pale Mutinda alipokuwa amelala spana moja imebanwa ardhini. Nilimuuliza kwa nini aliingia chini bila mawe. Akasema aliyaona chini ya sufuria, akaogopa kumwaga chakula cha wageni wa mama. Nilimkumbatia mtu mzima yule mbele ya kwaya nzima. Muthokoi ilikuwa imeungua kwa sababu jirani alikimbilia kishindo akausahau moto, na akina mama waliila hivyohivyo wakiimba, nami niliimba kuwashinda wote.

Krosimemba iliingia bila kulazimishwa. Maembe machache yalioza, mengine yalifika Wote. Kisha tulirudi kwa yule mama mzee, mimi na Mutinda, tukiwa na jeki na mawe manane nyuma ya pikapu. Alitukubalia. Tukaliinua lile gari pole pole, tukiliwekea jiwe kila hatua. Mutinda akamulika chini. Pale krosimemba ilipokuwa palikuwa wazi, na zile boliti nne zilikuwa zimerudishwa kwenye mashimo yake, zimezungushwa kwa mkono, kama fundi mwangalifu anavyofanya ili zisipotee. Zilikuwa na grisi mbichi. Mutinda alivua kofia. Mama mzee alizitazama kwa muda, kisha akaingia ndani kututengenezea chai.

Gari tuliliacha juu ya mawe, kama lilivyostahili kuachwa tangu mwanzo. Juzi nilimpelekea maembe, akaniambia spana haijagonga tena, na siku hizi mchana analala usingizi mzuri. Nimeshangilia habari hiyo kuliko bei ya maembe.

Mawe yangu sasa nimeyapaka rangi nyeupe, na chakula hayapiki tena, hata aje askofu. Mtaani wameshanibatiza Mama Mawe. Nikiona miguu ya mtu chini ya gari, iwe gereji au kando ya barabara, nasimama kumuuliza mawe yake yako wapi. Wengine hunicheka, mmoja alinitukana, lakini alitoka kwanza ndipo akanitukana, na hilo lilinitosha. Nawe uliza, hata kama humjui, hata kama una haraka. Mimi niliulizwa na kijana ambaye siku yake ilipofika, hakuwepo wa kumuuliza.