Boksi la koili kwenye buti

Jamani, ujanja wangu umeniponza.

Wiki iliyopita gari lilikuwa linatetemeka. Koili moja ya plagi ilikuwa imekufa. Fundi akanishauri ninunue ya mtaani, nikakataa katakata. Nikasubiri orijino kutoka kwa wakala, fundi akaifunga, gari likatulia.

Sasa mimi na mafundi, mnanijua. Nikamwambia, "Ile mbovu nipe mwenyewe, usije ukamfungia mtu mwingine."
Akaitia kwenye boksi la ile mpya. Nikaliweka kwenye buti.

Leo asubuhi gari linatetemeka tena. Kabla sijalalamika, mume wangu huyo, tabasamu hadi masikioni:

"Mama Neema, ile koili yako mpya uliyoisahau kwenye buti nimeifungisha jana, kwa fundi mmoja wa Kimisagara. Gari linatetemeka kidogo, litazoea."

Nikakaa chini. Chini kabisa, kwenye saruji.

"Na mliyoitoa?"

"Ile ya zamani? Nimemwachia fundi. Ya nini tena?"

Nimekimbilia Kimisagara. Huyo fundi hata hanijui. Kanipokea vizuri:

"Mama, uko na bahati. Iko moja orijino, imetoka kwa gari ya mtu jana tu."

Ninayo mkononi hapa. Bado inang'aa.

Niambieni, nikiinunua, niombe tena nipewe ile mbovu?