Msimu Niliolipwa Kurusha Mpira

Mwaka ule wa kwanza Edmonton, Kanada, sikuweza kutulia. Nikitoka ghalani, nilikokuwa nikipakia masanduku, sikwenda nyumbani moja kwa moja. Nilitembea tu, nikikata kona yoyote. Mke wangu aliniuliza natafuta nini, nami nikavaa viatu nikatoka tena.

Jumapili moja nikawakuta watu bustanini wakicheza besiboli, mchezo wa kurusha mpira na kuugonga kwa gongo, ambao sikuwahi kuuona. Mpira ukagongwa, ukaangukia karibu nami. Nikauokota, nikaurusha. Katika chuo cha ualimu, Tanzania, nilikuwa mrusha mkuki, na mkono ulikuwa haujasahau. Mpira ukapita juu ya vichwa vyao wote.

Kocha wao, mzee wa Kikanada, akanijia mbio. "Hebu rudia," akasema.

Nikarudia. Baada ya misimu miwili ya kumrushia pale bustanini, akanitafutia timu Uholanzi iliyokuwa ikiwalipa wachezaji. Mke wangu alikuwa akimenya viazi nilipomwambia.

"Baba, una mtoto mchanga," akasema. "Unaacha kazi ukarushe mpira?"

"Msimu mmoja tu."

Akaendelea kumenya. "Ukibaki utanimalizia zulia kwa kuzungukazunguka. Nenda."

Nilianza vizuri. Wagongaji waliniogopa. Lakini hata huko sikutulia: siku ya mechi nilitamani nyumbani, siku ya mapumziko nilitamani mechi. Katikati ya msimu, nikiwa narusha, bega likalia kama kijiti kilichovunjika. Daktari akasema nisitegemee kurusha tena kwa nguvu. Timu ikanishukuru, ikaleta mwingine.

Niliporudi, mke wangu akanifungulia mlango, akalitazama bega. Akapokea begi.

Ghalani sikuweza tena kunyanyua mizigo, kwa hiyo bega lilipopata nafuu nikajifunza kuendesha basi. Miaka ikapita. Binti yetu alipokuwa sekondari, akaniuliza kwa Kiingereza chake kama ni kweli niliwahi kulipwa kwa kurusha mpira.

"Kweli."

"Ulikuwa hodari?"

"Kiasi."

"Hodari sana," mama yake akadakia.

Nikamgeukia. "Umejuaje? Hukuwahi kuja."

"Nilikuwa nakuja pale bustanini na huyu kwenye kigari, nasimama kule kwenye miti. Wewe ulikuwa humwoni mtu."

Nikainuka, nikaenda dirishani, nikarudi. Akasogea kwenye kochi kunipisha, nikakaa.