Mbuzi wa Abonema

Mkinikuta sokoni Butembo na mkasikia mtu ananiita "Prezida", msidhani niliwahi kugombea kiti chochote. Jina hilo nililipata jioni moja tu, kwenye televisheni, nikiwa nimejifunga mto tumboni, na naona haya mpaka leo kuisimulia habari hiyo, lakini heri niisimulie mwenyewe kuliko majirani zangu, maana wao wanaongeza chumvi (na chumvi haihitajiki, mtaona).

Ilikuwa miaka ya vita, wakati sisi wa Butembo na Beni tulilala chini ya kundi hili na kuamka chini ya kundi lile. Kazi yangu ilikuwa kupiga video za harusi na maziko, kwa hiyo nyumbani nilikuwa na kamera, mashine ya kuchezesha kaseti, na televisheni. Picha tulizipata kwa waya wa Papa Tembo, jirani yetu wa juu, ambaye alikuwa na parabole, dishi kubwa la kunasa picha, nyuma ya nyumba yake, na kutoka pale alivuta waya juu ya nguzo za mikaratusi mpaka kwa kila aliyemlipa abonema, ile ada ya kila mwezi. Ubaya wa waya huo ni kwamba mtaa mzima uliangalia anachoangalia Papa Tembo. Akitaka mpira, wote mpira. Akisinzia katikati ya filamu ya Kihindi, mnabaki na Wahindi wanaimba mpaka aamke.

Nikasema basi, imetosha. Kazi ilikuwa mbaya, barabara ya Beni ilifungwa kila mara, watu walikuwa wanaoana bila kamera, na mimi niendelee kulipa nimwangalie Mhindi analia? Nikamwambia mke wangu, Mama Masika, "Tunakata. Tuko na kaseti kabati muzima, tutaangalia zetu."

"Zetu za nani? Za maziko ya batu?"

"Na za harusi."

"Harusi ya batu bashaachana!"

Lakini nilikuwa nimeamua, na mimi nikiamua hata Mungu ananiomba ruhusa. Jioni zetu zikawa za ajabu. Watoto walizishika kichwani hotuba za mapadri wote, na mdogo wetu alikuwa analia kabla jeneza halijatokea kwenye picha, maana alijua linakuja.

Papa Tembo hakukasirika. Ila waya wake ulipofika kwangu uligawanyika, tawi moja likaingia kwetu na lingine likashuka kwa Papa Kakule na nyumba zote za chini mpaka kwenye chemchemi, kwa hiyo kunikatia mimi kungekuwa kuwakatia na wao. Akaniachia heshima yangu. "Chomoa weye mwenyewe, minakuamini." Nikachomoa televisheni. Nyuma ya kabati nikaacha kile kiungio kidogo chenye matundu matatu kinaning'inia, tundu moja bado limeshikana na waya wa paa, ule ule unaoshuka kwa majirani. Mtu mwenye akili angechomoa na huo. Mimi nilijiona nimeshaikomboa nyumba.

Sasa, binti yetu Masika alikuwa amechumbiwa na Muhindo, mtoto wa huyo huyo Papa Kakule wa chini. Kwetu Wanande mahari ni mbuzi, na kabla wageni hawajaja, ukoo unakaa faragha kupanga nani atasema, mtaomba mbuzi wangapi, na (hii ndiyo siri ya siri zote) mtashuka mpaka wangapi. Neno hilo halivuki mlango. Tena kuna sheria nyingine ya kimya kimya: kabla mbuzi hawajafungwa uani kwako, humsifu mkwe wako. Ukimsifu, mbuzi wanapungua njiani.

Kwa kawaida baba wa msichana ananyamaza, msemaji anasema. Msemaji wetu alikuwa amekwama Beni, barabara imefungwa. Kwa hiyo kazi ikaniangukia mimi, ambaye nimezoea kuwa nyuma ya kamera, sijawahi kuwa mbele yake. Nikapata wazo. Kwa nini nisiunganishe kamera na mashine, na mashine na televisheni, nijione kama kwenye kioo huku najizoeza? Waya wa kutoka kwenye mashine kwenda televisheni ulikuwa umeliwa na panya, lakini, hee, si kile kiungio kiko nyuma ya kabati! Nikachomeka mashine tundu hili, televisheni tundu lile. Tundu la tatu mnalijua.

Nikavuta kamba ya grupu, jenereta yetu ndogo, ikanguruma, na mimi huyo nikatokea kwenye kioo, mzima mzima, na tai shingoni! Nilifurahi, sijui niwaambieje, niliruka. Dada yangu Kavira, shangazi wa Masika, akapiga vigelegele.

Saa hiyo hiyo mtaa mzima ulikuwa umekaa unasubiri habari, maana wiki ile wakubwa walikuwa wanazungumza amani huko mbali na kila mtu alitaka kusikia kama vita vinaisha. Kwa Papa Kakule mabenchi yalijaa mpaka mlangoni. Na kwa vile mashine yangu ilikuwa karibu nao kuliko parabole, katikati ya habari picha ikatetemeka, ikajaa chengachenga, na badala ya mtangazaji wakaona mwanaume mwenye tai, amekaa nyuma ya meza yenye kitambaa, uso umekunjamana, anasema:

"Bandugu, bazee, bamama. Leo, mbele ya Mungu, tumekamata uamuzi muzito. Hakuna kurudia nyuma. Kila mutu akae kwa utulivu."

Ninyi mliokuwepo miaka ile mnajua maana yake. Mtu mwenye tai akikatiza habari ghafla, kundi jipya limezaliwa! Wanasema mwenye duka akashusha mlango wake wa bati, mama mmoja akaingiza kuku, mwingine akaanza kufunga godoro. Mke wa Papa Kakule peke yake ndiye aliyetulia akaangalia vizuri, akasema, "Lakini huyu prezida iko na kabati sawa ya Mama Masika."

Mimi sijui lolote. Nikaendelea. Kavira akasema tujaribu na upande wa pili, nani atakuwa Papa Kakule? Nikachukua mto, nikaufunga tumboni kwa kitenge cha mke wangu, nikakohoa mara tatu kama anavyokohoa kabla ya kila neno, nikasema, "Kwa kifupi," (hajawahi kusema kifupi katika maisha yake), nikatembea nimetanguliza tumbo huku nakokota mguu. Masika alicheka mpaka akakaa chini. Kule chini nako, nasikia, walicheka, halafu wakakumbuka wako sebuleni kwa nani, wakanyamaza.

"Na bakikataa mbuzi kumi na mbili?" Kavira akauliza.

"Tunashuka."

"Mpaka wapi?"

"Saba. Hata saba ya kukonda, tutakamata."

Hapo Masika akaacha kucheka. "Papa, na wakikosa hata izo saba? Utanikatalia Muhindo?"

Alikuwa na macho ya kuomba kweli. Nikakaa chini na mto wangu, nikasahau tai, nikasahau kamera. "Masika, sikia. Siku ile tulikimbia vita, ni nani alibeba bibi yako ku mugongo mpaka Musienene? Si huyu muzee, na mguu yake mubovu? Bandugu yangu balipita, banatuangalia tu. Huyu mutu akikohoa, mimi nasimama. Nitakupatia kwake hata na mbuzi moja. Lakini asijue."

Sijamaliza kufunga mdomo nikasikia miguu mingi inapanda mlima na sauti zinapiga kelele, "Iko kwa Papa Masika! Iko kwa Papa Masika!" Nikajua askari. "Lala chini!" nikapiga ukelele, nikazama chini ya meza, ila mto ulikwama, kichwa kikaingia na makalio yakabaki nje, yanaitazama kamera. (Hiyo ndiyo hotuba yangu ya mwisho kwa taifa.)

Mlango ukafunguliwa. Sikusikia bunduki. Nilisikia kikohozi, mara tatu.

Papa Kakule alikuwa amesimama mlangoni, nyuma yake mtaa mzima, na kwenye televisheni yetu alikuwepo pia, amesimama mlangoni. Alijiona, akaweka kofia yake sawa. Ndipo nilipogeuza kichwa nikaufuata ule waya kwa macho mpaka paani, nikaelewa mtaa mzima ulikuwa umeniona.

"Papa Masika," akasema. "Ndio vile minakohoaka?"

"Kidogo," nikajibu kutoka chini ya meza.

Akaniangalia sana. Akageuka, akaenda zake, na watu wakampisha. Masika akajifunika uso na kanga. "Papa, umeniharibia," akasema, basi, na siku zilizofuata hakunisemesha hata kunipa chumvi mezani. Mdomo huponza kichwa, lakini wangu ulikuwa umeponza kichwa cha mtoto wangu, na hilo liliniuma kuliko kicheko chote cha sokoni. Nilipita mbele ya nyumba ya Papa Kakule mara nyingi nikitafuta namna ya kuomba msamaha. Kila mara nikisikia kikohozi ndani, nakimbia.

Siku ya mahari ikafika na tukakaa uani tumevaa, hatujui kama kuna mtu atakuja. Wakaja! Wakaja wanaimba, na msemaji wao mbele, amevaa tai, akasimama katikati ya uwanja, akakunja uso: "Kila mutu akae kwa utulivu!" Watu walianguka kwa kicheko, hata Masika. Nyuma yao mbuzi saba, wanene, wanang'aa. Kavira aliwahesabu kwa macho akauma midomo, lakini tungeomba nini zaidi? Mtaa wote ulikuwa shahidi.

Halafu Papa Kakule mwenyewe akaja mwisho, anakokota mguu, anamvuta mbuzi wa nane, na kamba shingoni mwake ilikuwa kipande cha waya wa televisheni.

"Hii haiko ya mahari," akasema. "Hii ni abonnement. Tuliangalia programme muzima, hatukulipa." Akakohoa, mara tatu, na safari hii hakuna aliyethubutu kucheka. "Na ile ulisema juu ya mama yako..." Akaangalia pembeni, kwenye migomba. "Kwa kifupi, wasingya."

Ndiyo asante yetu ya Kinande, na ilikuwa mara yake ya kwanza kusema "kwa kifupi" na ikawa kifupi kweli. Mimi msemaji nikashika tu ule waya, machozi yananitoka mbele ya wakwe.

Kesho yake nilikwenda kwa Papa Tembo kulipa abonema, na sijaikata tena, acha Wahindi waimbe. Na nimeapa: ukoo wangu ukikaa kupanga neno, kwanza naingia nyuma ya kabati nachomoa kila kitu kinachochomoka, halafu naifunika televisheni kwa kitambaa, hata kama imezimwa. Ila lile moja nililolisema jioni ile silifuti. Papa Kakule akikohoa kule chini, mimi huku juu nasimama.