Maji Niliyoinywesha Bombom

Ndugu zangu, nichekeni, lakini msinisamehe. Wajerumani walinikamata Mbwara wakanifanya mpagazi wa bombom, ile bunduki inayotema risasi mfululizo. Ubavuni ina kibati chenye jina la Mzungu aliyeibuni. Ombasha, mkubwa wetu, alisema huko Uzunguni ni marufuku mwingine kuiiga. Mtutu wake umezungukwa na pipa la kutiliwa maji.

Asubuhi ya vita nikaliona pipa kavu. Nikajiona mjanja! Nilikuwa na kibuyu cha dawa alichonipa shemeji yangu, aliyekuwa porini na wenzetu wanaopigana na Wajerumani, yale maji ya mganga yanayogeuza risasi kuwa maji. Nikayamimina yote humo, kisha nikampelekea shemeji habari porini: "Njooni wazi wazi. Leo itatema maji."

Wakaja wakipaza sauti, "Maji! Maji!" Bombom ikanguruma, ikafuka mvuke, haikukwama hata mara moja.

Baadaye ombasha akanipiga bega mbele ya mateka. "Nilisahau kuijaza, kumbe wewe umeijaza! Ikiwa kavu huungua, ikanyamaza."

Shemeji alikuwa pale, kafungwa kamba, damu zinamtoka.

"Kumbe dawa ni ya kweli, shemeji," akaniambia. "Imeikinga bunduki."